Kikombe cha Mgeni Asiyeonekana

Nina tabia moja inayowachekesha watu wa nyumbani kwangu: siwezi kuandika kitu kabla sijakinusa. Riwaya zangu ni za zamani, za watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa, na kwa kuwa siwezi kuwauliza chochote, nanusa vitu vyao. Ngozi mbichi ya mbuzi, magunia yaliyolowa, sabuni ya kipande, tumbaku ya kunusa ambayo ilinipigisha chafya siku nzima. Kwa hiyo mhariri wangu, kijana mmoja mwenye maneno mengi, aliponipigia simu hivi karibuni akasema, "Mama, mbona watu wako wote wanakaa gizani?" nilidhani ananitania.

"Gizani vipi?"

"Nimesoma vitabu vyako vyote tena. Hakuna hata mtu mmoja anayewasha taa. Ni moto wa kuni tu na mbalamwezi. Kwani miaka hiyo koroboi hazikuwepo?"

Nikamjibu vibaya, kama kawaida yangu, kisha nikakata simu na kwenda kwenye rafu kumtafutia ushahidi. Nikapekua kitabu kimoja, cha pili, cha tatu. Wallahi, kijana alisema kweli. Nimewapa watu wangu vita, ndoa, mifugo, hata homa za kila aina, lakini sijawahi kuwapa tone la mafuta ya taa. Nilikaa sakafuni na vitabu vyangu mwenyewe vimenizunguka, nimeduwaa. Ni nani aliyekuwa akiandika vitabu hivyo kama si mimi?

Basi nikachukua chupa nikaenda kituo cha petroli, nikanunua mafuta kidogo, nikarudi, nikafungua kifuniko jikoni ili ninuse nifanye kazi yangu. Nilihisi vidole viwili vinene vikipita juu ya ulimi wangu hadi kwenye kimio, nikakimbilia sinki kutapika. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Vidole vile nilivijua ni vya nani.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Makadara, katika zile nyumba za laini, zilizopangwa mstari kwa mstari, chumba kimoja na jiko dogo, mlango ukitazamana na mlango. Waliokulia huko wanajua: mwenzako akikaanga kitunguu, wewe ndiye unayemeza mate. Upande wetu wa kulia alikaa Mama Akinyi, mwanamke wa Kisumu mwenye sauti ya kuamsha wafu na moyo wa kuwalisha. Upande wa kushoto ndiko kwa kina Wambui, rafiki yangu na adui yangu, kutegemea siku yenyewe. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja eneo la viwanda. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua mlangoni. Mama alishona vitambaa vya makochi na kuviuza. Mimi nilikuwa mtoto pekee, jambo ambalo katika laini ile lilikuwa kioja.

Ukutani, juu ya meza ya kulia, mama alikuwa ametundika kibao cha mbao cha maneno ya dini. Najua nanyi mlikuwa nacho, maana nyumba isiyokuwa nacho siku hizo ilionekana ya wapagani. Kilisema kwamba Kristo ndiye mgeni asiyeonekana wa kila mlo, na kwamba husikiliza kila mazungumzo bila kusema. Na kando ya kibao hicho, kwenye msumari wake, kulikuwa na kikombe kidogo cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Hakuna aliyekinywea. Wageni walipokuwa wengi hata mama akaazima vikombe kwa Mama Akinyi, kile kilibaki pale pale.

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mimi nilikuwa na akili zangu. Mgeni asiyeonekana, kikombe kisichonywewa: kilikuwa kikombe cha Yesu. Nilisikitika tu kwamba kilikuwa kidogo, maana kwenye picha za Sunday school alikuwa mtu mzima. Na baba ndiye aliyenithibitishia. Kila jioni akitoka kazini alivua kofia, akasogea pale ukutani, akakigusa kile kikombe kwa kidole kimoja, ndipo akaenda kunawa. Baba hakuwa mtu wa kanisa sana. Nikajua hiyo ndiyo sala yake.

Sasa, sisi tuliotoka upande wa Murang'a tulikuwa na utaratibu wa majina usiokuwa na mzaha. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Na jina likishapewa, linafanya kazi. Mwanamume akiwa na binti mwenye jina la mama yake, hamwiti kwa jina ovyo ovyo, humwita "maitu", yaani mama yangu. Baba yake Wambui aliendesha gari la mikate. Akifika jioni, akinuka mkate hadi kwenye nyusi, alisimama mlangoni na kuita, "Maitu yuko wapi? Maitu amekula?" Wambui akatoka mbio akiringa kama bibi harusi. Jitu zima na misuli yake, linamwita kitoto cha kamasi mama yangu!

Mimi nilikuwa Wairimu, jina la mama yake mama, kwa hiyo mama ndiye aliyeniita maitu. Baba aliniita Wairimu. Wairimu, lete maji. Wairimu, nenda ukalale. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunifokea, lakini aliita jina lile taratibu na kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sufuria iliyojaa. Nilimwonea Wambui wivu mkubwa.

Siku moja tulikuwa nyuma ya nyumba, kando ya ua wa kayaba, tukicheza kalongolongo. Wambui alikuwa mama, mimi jirani. Watoto wetu walikuwa magunzi tuliyoyavika vitambaa vya mama. Nikampa gunzi langu la kwanza jina: Wairimu, kama mimi.

"Huyo hawezi kuitwa hivyo," Wambui akasema. "Ni wa kwanza. Anapewa jina la shosho wa kwa baba."

"Mimi ni wa kwanza na nina jina la shosho wa kwa mama."

Akanitazama. Wambui alikuwa na macho madogo makali, na leo hii ni wakili, sishangai. "Mama ya baba yako anaitwaje?"

"Nyambura." Hilo nililijua, ingawa huyo Nyambura sikuwahi kumwona akikanyaga kwetu.

"Basi wewe ungeitwa Nyambura. Kama ni wa kwanza na si Nyambura, basi mama yako alikuzaa kabla hajaolewa. Hao ndio hupewa majina ya upande wa mama. Hata mathe wangu alisema, yule Njeri wa laini ya mwisho ni hivyo hivyo." Akamalizia kwa upole kabisa, akimfunga mtoto wake mgongoni: "Ati huyo si babako."

Nilimuuma begani. Nilimuuma hadi akalia na damu ikatoka, na nikachapwa na mama yake, kisha na mama yangu, na nilipoulizwa ni kwa nini, nikanyamaza. Ningesemaje? Maneno yale yakitoka mdomoni mwangu yangekuwa kweli.

Baada ya hapo nikaanza utafiti wangu wa kwanza, na sijui kama nimewahi kufanya mwingine kwa bidii kama ule. Nilimchunguza baba. Akilala kwenye kochi mchana wa Jumapili, nililinganisha vidole vyake vya miguu na vyangu. Masikio yake yalikuwa yamekaa nyuma, yangu yamechomoza. Alipenda mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi; mimi niliyachagua mahindi nikayaacha kando. Kila ushahidi ulinipiga teke. Na kwa nini mama yake haji kwetu? Bila shaka amekataa kuja nyumba yenye mtoto wa watu. Nilikuwa nakula chakula cha mwanamume ambaye siku yoyote angeweza kusema basi, sasa rudi kwa baba yako. Usiku nililala nimeshika shati lake la kazi lililotundikwa karibu na kitanda changu, na asubuhi nililiachilia kabla hajaniona.

Hatimaye nikaamua kumuuliza aliyesikiliza kila mazungumzo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikuwa ameenda sokoni, baba hajarudi kutoka kiwandani. Nikaburuta kigoda hadi ukutani, nikakitoa kile kikombe msumarini. Ndani kulikuwa na vumbi. Nikakipangusa kwa gauni langu, nikaenda jikoni. Pale chini, ndoo ya maji ya kunywa ilikaa karibu na debe la mafuta ya taa la stovu, kama ilivyokuwa katika kila nyumba ya laini ile. Nikachota maji, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Yesu, mimi ni wa nani?" Nikaanza kunywa.

Sikusikia mlango. Nilisikia kikombe kikiruka kutoka mkononi mwangu na kugonga ukuta, kisha nikawa hewani. Baba alikuwa amenishika kwa mkono mmoja, kichwa chini, na vidole viwili vya mkono wa pili vilikuwa kooni mwangu, vina ladha ya grisi.

"Tema! Tema, maitu! Maitu, tema! Tema!"

Nilijaribu kusema ni maji, lakini nani anaweza kusema na vidole kooni? Nikatapika. Chai, mkate, maji, yote. Na bado alisukuma. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona baba akilia, wala sikujua mwanamume anaweza kutoa sauti ile, ya ndama aliyefungiwa. Na mniamini, katikati ya hofu ile yote, nikining'inia kama kuku wa sokoni, kitu kimoja ndani yangu kilikuwa kinacheka kwa furaha. Ameniita maitu. Yesu amejibu mara hiyo hiyo!

Mlango ukagonga ukuta. Mama Akinyi aliingia na birika la maziwa, leso yake inaburuta. Alitazama kikombe chini, akatazama debe, akapiga ukemi.

"Nyasaye! Mungu wangu! Tena? Baba Nyambura, tena? Acha! Usimtapishe! Baba Nyambura, si daktari alikwambia usimtapishe!"

Baba akaganda. Akaniweka chini polepole, akatazama mkono wake mwenyewe.

Laini nzima ilimwita baba yangu Baba Wairimu. Tangu nianze kusikia, hakuwa na jina jingine. Nikasimama pale matapishi yakinichuruzika kifuani, nikamtazama Mama Akinyi, ambaye sasa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mlangoni walikuwa wameshafika majirani, mama yake Wambui akiwa mbele, na wote walikuwa na uso mmoja. Nilizungusha macho kutoka mtu hadi mtu. Walijua wote. Chochote kilichokuwa, walikijua wote, hata yule mzee wa kuuza makaa, na mimi peke yangu ndimi nisiyejua.

"Ni maji," nikasema.

Baba akaokota kikombe, akakinusa. Akanusa tena. Kisha akatoka nje na kikombe mkononi, akapita katikati ya watu bila kumwona yeyote.

Mama aliniambia siku ile ile, akinisafisha kwa kitambaa, bila kunitazama usoni. Kulikuwa na mtoto kabla yangu, Nyambura. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Kikombe kilikuwa chake, alikwenda nacho kila mahali. Siku moja baba alikuwa anaongeza mafuta kwenye stovu, faneli haikuonekana, akatumia kilichokuwa karibu. Akakiweka chini na mafuta yaliyobaki, mara moja tu, atafute kiberiti. Mtoto alikuwa na kiu.

"Yesu hana kikombe?" nikauliza. Ndilo swali nililokuwa nalo. Mama alicheka, kisha akalia, kisha akanipiga kofi dogo la begani, kisha akanikumbatia, yote kwa mpigo.

Kesho yake kikombe kilikuwa kimerudi msumarini, kimebonyea upande mmoja. Hakuna aliyezungumza habari zile tena, na nyuso za laini zikafungwa kama madirisha. Mimi nilichukua fungu langu nikanyamaza nalo: nilikuwa wa baba yangu. Nilikuwa nimeitwa maitu, mara moja, na mara moja ingetosha.

Lakini mtoto hukua, na bahati mbaya mwingine hukua akawa mwandishi. Kabla sijaandika kitabu changu cha kwanza, nilikwenda Kayole alikohamia Mama Akinyi, eti nimsalimie, nikamwomba anisimulie siku ya Nyambura. Alikuwa mzee, lakini ile sauti bado.

"Mafuta yalikuwa kidogo," akasema. "Wengi wa watoto wetu walionja yale mafuta, wakapona. Baba yako alimtapisha, kama sisi wote tulivyokuwa tukifanya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemshika miguu. Mafuta yakaingia kwenye mapafu. Daktari alituambia baadaye, akatufokea mbele ya watu." Akakunja leso yake. "Siku yako ulikuwa na maji tu, mwanangu. Lakini yeye hakujua ni maji. Alijua ni mafuta, na akatia vidole tena."

Nilirudi nyumbani siku hiyo sijui nilipita barabara gani. Ni nini hicho, kwamba mkono wa mtu unajua kosa lake na unalirudia kwa sababu ndiyo njia pekee unayoijua ya kuokoa? Na kulikuwa na jambo la pili, dogo, la aibu, ambalo liliniuma zaidi. Maitu. Mwanamume aliyekuwa akilia mle jikoni hakuwa ananiita mimi. Jina la mama yake lilikuwa la Nyambura, na ni Nyambura aliyekuwa akiambiwa ateme. Mimi nilikuwa nimebeba neno la marehemu moyoni miaka yote nikidhani ni zawadi yangu.

Tangu hapo sikuwasha taa vitabuni. Sikuamua. Nimegundua juzi tu, kwa sababu ya kijana mmoja mwenye maneno mengi. Nimekaa kwenye vyumba vya nyaraka nusu ya maisha yangu, nikisoma majalada ya machifu na maelezo ya mashahidi, nikijisifu kwamba mimi huona mahali ambapo watu wamenyamaza. Kumbe nami nilikuwa na laini yangu ya majirani kichwani, wote wameziba mdomo.

Kwa hiyo baada ya kutapika kwenye sinki langu, kama mwehu, nilinawa uso nikaenda Njiru. Baba anakaa huko, kwenye nyumba aliyoijenga alipostaafu. Mama hayupo tena. Kikombe kipo, juu ya meza yake ya kulia, msumari mpya. Nilimkuta ameketi barazani juani, kofia magotini. Akili yake iko sawa kabisa, ni magoti tu yaliyomkataa.

Sikuzunguka. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani. "Baba, ile siku ya kikombe. Uliita maitu. Ulikuwa unamwita nani?"

Nilidhani atanyamaza, maana hiyo ndiyo lugha yake.

"Nyambura," akasema.

Nilijua, lakini kujua na kuambiwa havilingani. Mwanamke mzima mwenye mvi, machozi yakanitoka palepale mbele ya kuku.

"Mimi je? Ulipopata msichana mwingine, desturi ilikuruhusu unipe jina lile lile. Shosho alilitaka, hilo nilikuja kuambiwa. Aliacha kuja kwetu kwa sababu ya jina hilo. Kwa nini hukunipa? Kwa nini hukuwahi kuniita maitu hata siku moja?"

"Mama yako pia alilitaka," akasema baba. "Watu wote walilitaka. Walisema mtoto amerudi." Akaigeuza kofia yake magotini, akaitazama ndani kama mtu aliyepoteza kitu humo. "Mimi nilikataa. Nilikubeba, ulikuwa mdogo hivi, nikasema huyu hajarudi kutoka mahali popote. Huyu ndiyo kwanza anakuja. Nilitaka jina la mtoto ambaye sikumuua. Nikuite asubuhi, nikuite jioni, na wewe uitike."

Kumbe Wairimu lete maji, Wairimu nenda ukalale, ndiyo zawadi yangu hiyo, kila siku, mbele ya macho yangu, na mimi nalinganisha vidole vya miguu.

Nje ya ua, lori la maji lilikuwa linapiga honi. Baba akaweka kofia kichwani.

"Wairimu," akaita, taratibu, kwa uangalifu wake ule, ingawa nilikuwa nimeketi pale pale kando yake.

"Naam, baba."